Wakati Kichwa Kimejaa: Musaada kwa Mutu Mwenye Akili Imechoka

Masomo ya Biblia ya juma hili: 1 Wafalme 19:1-18, Kutoka 18:13-27, Marko 6:30-32



Siku hizi watu wengi wanaokuja kuonana na wachungaji hawaleti ugonjwa wenye jina. Wanasema tu: "Muchungaji, kichwa kimejaa." Mama anasema ameingia katika chumba, kiisha hakumbuki alifuata nini mule. Baba anasema amesoma sura moja ya Biblia mara 3 na hakuna neno lililobaki. Kijana wa moto anasema amepita karfuri bila kujua kwamba amepita. Wengine wanakasirikia watoto juu ya kitu kidogo, kikombe kimeanguka tu, na nyuma yake wanalia peke yao.

Watu hawa, tunawajibu nini? Mara nyingi tunawajibu haraka. Mumoja anasema: "Ni pepo." Mwingine anasema: "Ni uvivu." Wa tatu anasema: "Funga siku 3, kesha, itaisha." Na yule aliyekuja na muzigo mumoja anarudia nyumbani na mizigo miwili: uchovu wake, pamoja na haya ya kuambiwa kwamba imani yake ni kidogo. Juu ya hiyo, leo tutaangalia polepole kitu hiki ni nini, kinatoka wapi, na tufanye nini.

1. UCHOVU WA AKILI NI NINI?

Mutu aliyelima tangu asubuhi anajua alichoka wapi: mugongo, mikono, miguu. Akioga, akikula bugali na sombe, akilala, kesho anaamka na nguvu. Uchovu wa akili haiko vile. Mutu anaweza kukaa kwenye kiti siku nzima na jioni akawa amekwisha kabisa, kwa sababu kilichofanya kazi ni ubongo.

Ubongo wa mutu mukubwa una uzito wa karibu kilo 1 na nusu. Ni karibu asilimia 2 tu ya mwili. Lakini hata wakati mutu amepumzika, ubongo unakula karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili wote. Mungu aliumba kiungo kidogo chenye kazi kubwa, na akakiwekea mipaka. Mwaka 1956 mwalimu mumoja wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba akili inaweza kushika karibu vitu 7 tu kwa wakati mumoja. Wataalamu waliokuja nyuma yake wanasema ni vichache zaidi, karibu 4.

Sasa tuhesabu pamoja kichwa cha mama mumoja wa Kadutu saa 10 ya usiku, akiwa bado kitandani. Maji ya bomba yanakuja usiku, nani atateka? Makala imeisha. Mutoto wa sekondari walimufukuza jana juu ya minervali. Siku ya tano ni kutoa feza ya likelemba. Mwenye nyumba anadai miezi 2. Mutoto mudogo ana homa. Shemeji alipiga telefone juu ya kilio huko Uvira, wanangojea mchango. Na kwaya inataka nguo mpya. Ni mambo 8, na jua halijatoka bado.

Katika muji wetu wa Bukavu tunajua wamama wanaobeba mizigo kwa mugongo, kamba kwenye kipaji cha uso. Mama yule akifika katikati ya mulima, anaegemeza muzigo kwenye ukuta, anapumua, kiisha anaendelea. Hakuna mutu anayemuambia kwamba hana imani. Kila mutu anaona muzigo. Lakini muzigo wa akili hauonekani. Kwa hiyo watu wanamuongezea mutu tena na tena, na yeye mwenyewe hajipe ruhusa ya kuegemea ukuta.

2. UNATOKA WAPI?

Kwanza, unatoka katika mambo yasiyomalizika. Jambo ambalo halijapata jibu linarudi kichwani kila saa, kama mutoto anayevuta kitenge cha mama yake. Kazi iliyokwisha inanyamaza. Kazi iliyobaki katikati inapiga kelele.

Pili, unatoka katika ukosefu. Hapa nataka tusikilize vizuri, kwa sababu watu wengi wanajilaumu bure. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kazi waliyofanya pamoja na walimaji wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, Uhindi. Waliwapa majaribio ya akili mara mbili: mbele ya mavuno, wakati feza zimeisha na madeni ni mengi, na tena nyuma ya mavuno, wakati wamekwisha kulipwa. Watu ni wale wale, mashamba ni yale yale. Lakini mbele ya mavuno walijibu vibaya zaidi kuliko nyuma ya mavuno. Ni kusema, akili yao haikupungua. Ilikuwa na kazi nyingine. Ilikuwa inahesabu madeni. Mutu anayetafuta kila siku chakula cha siku ile anafanya tayari kazi kubwa ya akili mbele hajaanza kazi nyingine yoyote. Musimuite mupumbavu, wala yeye asijiite hivyo.

Tatu, unatoka katika usingizi mubaya. Mutu mukubwa anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Wengi wetu tunalala saa 4 ao 5, na kati yake tunasikiliza kama kuna mulio wa risasi, ao kama mvua itaangusha udongo wa mulima juu ya nyumba.

Ine, unatoka katika telefone. Mbele, habari mbaya ya Fizi ao ya Masisi ilitufikia nyuma ya siku kadhaa. Leo inaingia mara 20 kwa siku, na picha, na sauti, na nusu yake ni uongo. Moyo unatetemeka kwa kila moja, kwa sababu moyo haujui kutenganisha habari ya kweli na ile ya uongo.

Tano, unatoka katika kazi isiyokuwa na mwisho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliandika waziwazi kwamba kazi yenye mateso ya siku nyingi inaweza kumumaliza mutu, na likataja alama 3: nguvu zinakwisha, mutu anachukia kazi ambayo zamani alipenda, na anaona kwamba chote anachofanya hakina faida. Walimu wanaongojea mushahara, wanganga wa vituo vya afya, wamama wa soko, na ndiyo, wachungaji na bibi zao, wanajua vizuri alama hizo.

3. ELIYA CHINI YA MUTI

Tufungue 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka mulima Karmeli. Moto ulishuka kutoka mbinguni, mvua ikanyesha nyuma ya ukame murefu, na yeye mwenyewe alikimbia mbele ya gari la mufalme Ahabu mpaka Yezreeli. Nyuma ya ushindi ule, ujumbe mumoja tu wa Yezebeli ulimutosha. Alikimbia mpaka Beer-Sheba, akamuacha mutumishi wake pale, akaenda peke yake katika jangwa safari ya siku moja, akaketi chini ya muti, akamuomba Mungu afe. Huyu si mutu wa imani kidogo. Ni nabii. Lakini alikuwa amechoka, amebaki peke yake, na hajakula.

Angalia utaratibu wa Mungu, ndugu yangu. Eliya alilala. Malaika akamugusa, akamuambia aamke akule. Kulikuwa mukate uliookwa juu ya mawe ya moto, na chombo cha maji. Akakula, akakunywa, akalala tena. Malaika hakumukemea. Hakumuambia: "Wewe nabii muzima, unalala namna gani?" Alimuacha alale mara ya pili, kiisha akamuletea chakula mara ya pili, na akatoa sababu: safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Siku 40 za kutembea mpaka Horebu zilikuja nyuma ya chakula na usingizi. Hazikuja mbele.

Ni kule Horebu tu ndipo Mungu alianza kumuuliza maulizo. Akamuacha aseme uchungu wake wote, hata mara mbili kwa maneno yale yale. Kiisha akasahihisha hesabu yake: Eliya alifikiri amebaki peke yake, kumbe kulikuwa bado watu 7000. Na akamupa musaidizi, Elisha. Usingizi, chakula, kusikilizwa, ukweli, na mutu wa kugawa naye kazi: ile ndiyo dawa ambayo Mungu mwenyewe alimupa mutumishi wake.

Kanisa letu linaamini kwamba mapepo yapo, na kwamba katika jina la Yesu yanatoka. Hatuondoi neno hata moja pale. Lakini uchovu haufukuzwi. Uchovu unapumzishwa. Tukimukemea mutu ambaye anahitaji kulala, hatumusaidie, na pepo hatukuliona.

4. MAMBO 6 YA KUFANYA

a) Tosha mizigo kichwani, iweke kwenye karatasi. Chukua kaye ya mutoto, ukurasa mumoja unatosha. Jioni, mbele ya kulala, andika kila jambo linalokusumbua. Mbele ya kila jambo andika mambo mawili: siku gani nitalishika, na hatua ya kwanza ni gani. Kwa mufano, usiandike "minervali" tu. Andika: "Siku ya pili asubuhi, kwenda kuonana na prefe, kuomba kulipa mara 3." Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba jambo lisilomalizika linapunguza kusumbua akili mara tu mutu anapolitengenezea mupango wa wazi, hata kama halijafanyika bado. Asiyejua kuandika amuambie mutoto wake aandike, ao amuambie bwana ao bibi yake kwa sauti. Ukimaliza, weka mukono juu ya karatasi ile na umupe Mungu usiku wako.

b) Gawa mambo katika mafungu 3: ya leo, ya siku nyingine, na yasiyo yangu. Katika Mathayo 6:34 Bwana Yesu anafundisha kwamba kila siku ina taabu yake ya kuitosha. Mutu aliyechoka anabeba taabu ya leo, ya kesho na ya jirani katika kikapu kimoja. Fungu la tatu ndilo gumu: kuna mabishano ya jamaa na maneno ya watu ambayo hukutumwa kuyabeba. Na shauri kubwa, kama kuuza kiwanja, kuacha kazi ao kutengana, usilikate usiku ukiwa umechoka. Lingojee asubuhi.

c) Linda usingizi. Lala na uamke saa ile ile kama inawezekana. Chai nzito na kahawa ziishe mbele ya jioni. Telefone ilale mbali na kitanda. Kama mutoto mudogo anakuamsha usiku, tafuta hata dakika 20 za kulala muchana, si zambi. Katika Marko 4 Yesu mwenyewe alilala ndani ya chombo, kichwa juu ya muto, na kulikuwa zoruba.

d) Gawa muzigo. Katika Kutoka 18, Musa alikaa kuhukumu watu tangu asubuhi mpaka jioni. Mukwe wake Yethro, kuhani wa Midiani, aliangalia siku moja tu, akamuambia kwamba namna ile si nzuri: atachoka yeye, na watu watachoka pamoja naye. Akamupa mupango: wakubwa wa watu 1000, wa 100, wa 50 na wa 10, mambo makubwa tu ndiyo yafike kwa Musa. Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, alisikiliza shauri la mukwe wake. Kwa hiyo, baba wa nyumba, uliza bibi yako leo: "Kichwani mwako kuna nini?" Usimuambie tu "Nitakusaidia ukiniomba," kwa sababu kukumbuka kuomba ni muzigo vilevile. Chukua jambo moja zima: kwa mufano mambo yote ya masomo, tangu kukumbuka mpaka kulipa. Mutoto wa miaka 10, kijana kama binti, anaweza kuosha vyombo na kuteka bidoni ndogo.

e) Weka saa za habari. Mara mbili kwa siku inatosha, na kwenye radio ao kwa mutu unayemuamini. Habari ambayo hujui ilitoka wapi, usiitume kwa mwingine. Utakuwa unamubebesha ndugu yako muzigo usiokuwa wa kweli.

f) Shika siku moja ya kupumzika. Katika Kumbukumbu la Torati 5, Mungu anapoamuru pumziko anatoa sababu: Waisraeli walikuwa watumwa huko Misri. Mutumwa hana siku yake. Anayepumzika anashuhudia kwamba Bwana amemukomboa. Na amri ile inataja hata mutumishi na punda. Kwa hiyo, ile binti anayekusaidia kazi ya nyumba, yeye pia ana siku yake.

Najua mama mumoja atasema: "Muchungaji, nikipumzika, watoto watakula nini?" Ni ulizo la kweli. Wewe ambaye unauza ndiyo ukule, pengine siku nzima haiwezekani kwako sasa. Anza na kidogo: nusu ya siku nyuma ya ibada, ao saa moja bila kuuza na bila telefone. Patana na mama wa meza jirani: leo yeye anaangalia vitu vyako, kesho wewe unaangalia vyake. Tunajua namna ya kugawa feza katika likelemba; tunaweza kugawa vilevile pumziko.

5. NENO KWA SISI VIONGOZI WA MAKANISA

Wakati mitume walirudia kutoka kazini, watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Yesu hakuwaongezea programu. Aliwaita waende mahali pa utulivu wapumzike kidogo. Ni katika Marko 6.

Sasa tuhesabu programu ya makanisa mengi: maombi ya asubuhi, mazoezi ya kwaya, selile ya nyumba, mukutano wa wamama, kesha ya siku ya tano, ibada mbili siku ya Mungu. Mushirika muaminifu anaweza kufika kanisani siku 6 kati ya 7. Mutu aliyeamka saa 11 ya asubuhi, kufika saa 4 ya usiku amemaliza saa 17 bila kulala. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mutu wa namna hiyo anafanya kazi kama mutu mwenye gramu 0.5 za pombe katika kila litre ya damu. Katika inchi nyingi shofere haruhusiwi kupita pale. Na kesha inakuwa haijaanza. Saa 11 ya asubuhi, wakati anapanda moto yake kwenda kubeba abiria, amefikisha saa 24. Tunawakataza vijana wetu pombe, na ni vizuri. Basi tusiwatume barabarani wakiwa wamelewa usingizi.

Sikatazi kesha, kanisa la Pentekoste bila maombi ya usiku si kanisa letu. Nasema tuipange kwa hekima: kesha mara moja kwa mwezi, asubuhi yake kila mutu alale, na anayeendesha gari ao moto asifanye kazi siku ile mpaka amelala. Kufunga vilevile. Mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mugonjwa wa sukari na mutu anayekunywa dawa kila siku wasifunge mbele ya kumuuliza munganga. Mungu anayemuletea Eliya mukate hatakasirika juu ya hilo.

6. WAKATI WA KWENDA KWA MUNGANGA

Kama umepumzika na uchovu unapita wiki 2, enda kwenye kituo cha afya. Malaria, upungufu wa damu, ugonjwa wa sukari na magonjwa mengine yanaanza kwa uchovu tu, na yana dawa.

Na kama mutu hapati usingizi siku nyingi, hakuli, anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, ao anasema kama Eliya kwamba anataka kufa, musingojee. Musimucheke, musimuache peke yake hata usiku mumoja, mumusindikize kwa munganga siku ile ile. Huku Bukavu kuna kituo cha SOSAME, na Goma kuna Tulizo Letu. Vyote viwili ni vya kutunza wagonjwa wa akili. Kwenda pale si kumukana Yesu. Tunafunga mufupa uliovunjika na tunaomba. Tutunze akili vilevile na tuombe. Na mutu aliyepewa dawa, muchungaji asimuambie aiache. Munganga aliyeiandika ndiye atakayesema.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA SELILE

1. Andika mambo yaliyo kichwani mwako leo. Ni mangapi? Mangapi si yako?
2. Nyumbani kwetu, nani anakumbuka kila kitu kwa ajili ya wote? Ni jambo gani moja nitamuondolea juma hili?
3. Ni mutu gani katika selile yetu amekuwa kimya siku hizi? Nani atamutembelea, bila kumuhubiria, na chakula mukononi?

MAOMBI

Baba yetu, wewe ulituumba kwa mavumbi na unajua nguvu zetu zinaishia wapi. Watazame wote waliochoka katika muji huu: anayehesabu madeni usiku, anayengojea mushahara, anayeogopa kulala juu ya risasi, anayelia peke yake jikoni. Uwape usingizi, uwape mukate, uwape ndugu wa kugawa naye muzigo. Na sisi kanisa lako, utufundishe kumugusa mutu polepole kama malaika wako alivyomugusa Eliya. Katika jina la Yesu. Amina.